Wanaotunza Laini: Hotuba kwa Wahitimu wa Mawasiliano na Informatiki, Bukavu

Bwana Mkurugenzi Mkuu, waalimu wenzangu, papa na mama mliokuja kuwasindikiza watoto wenu, na ninyi vijana ambao leo mnatoka chuoni mkiwa na cheti cha mitandao na mawasiliano: nawasalimu wote kwa heshima, na ninawashukuru walionialika.

Nimeombwa niwaeleze maisha ya mtu aliyeifanya kazi hii tangu ujana wake mpaka mvi, ili mjue mnakoingia. Nitaeleza, lakini kwanza nitoe neno lililonifanya niukubali mwaliko. Katika nchi yetu mnara unapozinduliwa, wakubwa huja, utepe hukatwa, picha hupigwa, na waliotoa fedha hutajwa mmoja mmoja kwa majina yao. Miezi michache baadaye, mnara huohuo unapozimika usiku wa mvua, yule anayepanda mlima akiwa na tochi kichwani na betri mgongoni hatajwi na mtu. Mimi nimeishi upande wa huyo wa pili, na wengi wenu mtaishi huko pia. Nataka mwingie mkijua kwamba taaluma yenyewe iko huko, na kwamba yeyote atakayewaambia kuwa utunzaji ni kazi ya walioshindwa kupata ofisi hajui mtandao unavyosimama.

Sisi wa rika langu hatukuanza na simu. Tulianza na foni, yaani redio ya kuzungumzia na watu wa mbali. Wazazi waliomo ukumbini wanaikumbuka: chumba kidogo cha parokia au cha mfanyabiashara, redio juu ya meza, betri ya gari chini yake, na watu barazani wakingoja zamu ya kuzungumza na ndugu aliyeko Kindu, Shabunda au Kinshasa. Nyaya za simu za serikali zilikuwa zimekatika moja baada ya nyingine katika miaka ya mwisho ya Zaire, na hakuna aliyezirudisha. Kwenye foni, mmoja husema mpaka amalize, kisha humwachia mwenzake, kwa maana njia ni moja na haipiti sauti mbili. Msiba, mahari, bei ya chumvi, mtoto aliyefaulu mtihani, yote yalisikiwa na kila mwenye redio kwenye masafa yale, hata watu wakazoea kusema kwa mafumbo.

Fundi aliyenipokea alinifundisha kwanza kukata waya. Antena ya megahezi 7 inataka waya wa mita 20 na kidogo, yaani nusu ya urefu wa wimbi, na ukiukata ovyo nguvu ya mashine hurudi nyuma badala ya kwenda hewani. Baadaye akanieleza kwa nini masafa yanayofaa saa sita mchana hayafai saa mbili usiku: mchana jua huamsha tabaka la chini la anga linalomeza mawimbi ya masafa madogo, na jua likizama tabaka hilo hutoweka, kwa hiyo mchana tunapanda na usiku tunashuka. Hakuwa na diploma yoyote. Kila siku aliandika daftarini saa, masafa, mji aliozungumza nao na ubora wa sauti, na kwa maandishi hayo aliweza kumwambia mama aliyeketi barazani arudi saa ngapi ili aisikie Kisangani vizuri. Niliposoma fizikia ya anga chuoni, mengi niliyakuta nimekwisha kuyaona kwa mwandiko wake.

Simu za mkononi zilikuwepo Kinshasa zamani kuliko wengi wenu mnavyodhani. Mwaka 1986 Miko Rwayitare alianzisha Telecel, mojawapo ya kampuni za kwanza kabisa za simu za mkononi barani Afrika, lakini vyombo vile vilikuwa vikubwa na ghali mno, vikabaki mikononi mwa wakubwa na matajiri. Kilichobadilisha mambo ni GSM, mfumo wa kidijitali wa simu za mkononi, ulioanza kutumika Finland mwaka 1991, pamoja na kadi za kulipia kabla, zilizomwezesha muuza samaki kununua mayuniti ya senti chache bila kuulizwa mshahara wake wala anwani ya nyumba yake.

Hapa nizungumze kidogo juu ya mtu ambaye maisha yake ningependa kila mmoja wenu ayajue vizuri: Mo Ibrahim, Mnubi wa Sudan, aliyezaliwa mwaka 1946. Watu wengi wanamjua kwa tuzo anayowapa marais wa Afrika walioongoza vema na kuondoka madarakani kwa amani, ambayo Joaquim Chissano wa Msumbiji alikuwa wa kwanza kuipokea, mwaka 2007. Lakini kabla ya fedha na tuzo alikuwa mhandisi kama sisi. Alisoma umeme Alexandria, akafanya kazi katika shirika la simu la Sudan, akaenda Uingereza kuendelea na masomo Bradford, kisha Birmingham akapata udaktari katika mawasiliano ya simu za mkononi, wakati ambapo karibu hakuna mtu aliyekuwa na simu ya mkononi. Mwaka 1983 aliingia katika kampuni ya simu za mkononi ya Uingereza iliyokuja kuitwa Cellnet, akasimamia ufundi wa mtandao wake, na mwaka 1989 akaondoka kuanzisha MSI, iliyopanga mitandao ya wengine na kutengeneza programu za kukokotoa mnara uwekwe wapi, uwe na urefu gani na utumie masafa yapi. Ndipo mwaka 1998, baada ya kuona kwamba kampuni kubwa alizozishauri zinaiogopa Afrika, akaanzisha kampuni iliyojulikana baadaye kama Celtel, ambayo iliingia Kongo mwaka 2000. Mwaka 2005 iliuzwa kwa kampuni ya MTC ya Kuwait kwa dola bilioni 3.4.

Angalieni mpangilio wa maisha hayo. Aliyajua mawimbi kwa miaka mingi kabla ya kumiliki chochote, na hata alipokuwa tajiri aliendelea kufikiri kama mtu wa mawimbi. Kinshasa na Brazzaville zinatazamana, mto tu ndio umezitenga, lakini simu kutoka upande mmoja kwenda wa pili ilipitia setilaiti mpaka Ulaya na kurudi, na mpigaji alilipia safari hiyo yote. Kampuni yake iliweka sahani za maikrowevu, yaani antena zinazorushiana mawimbi ya redio kwa mstari ulionyooka, ng’ambo hii na ile, simu ikavuka mto moja kwa moja. Kazi hiyo mwanafunzi wa mwaka wa tatu anaweza kuichora ubaoni. Ugumu wake ulikuwa kuzishawishi serikali mbili zikubali, na ndiyo maana nasema msiache kusoma sheria. Sheria yetu ya mawasiliano ya mwaka 2002 imekwisha kubadilishwa na ile namba 20/017 ya tarehe 25 Novemba 2020. Isomeni yote, hata sehemu zinazochosha, kwa sababu fundi asiyejua masafa hugawiwa na nani na kwa masharti gani atabaki akitumwa na wanaojua.

Kuhusu setilaiti nitasema machache, kwa kuwa mmeifundishwa vizuri. Ile inayokaa mahali pamoja angani iko karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta, sauti huchukua kama robo ya sekunde kupanda na kushuka, na jibu huchukua robo nyingine. Watu wawili wakaanza kusema kwa wakati mmoja, wakanyamaza kwa wakati mmoja, na ndugu wengi waligombana bure kwa kudhani mwenzao anawakatiza.

Mji wetu ni mgumu kwa redio. Kadutu imepanda mlimani, Ibanda imeingia ziwani kwa rasi zake, Bagira iko nyuma ya kilima, na wimbi la maikrowevu halijui kupinda kona: sahani mbili lazima zionane, tena iwepo nafasi ya wazi kuzunguka ule mstari wa kuonana, kwa sababu hata mti unaokua taratibu pembeni hula nguvu mwaka hadi mwaka. Kuelekeza sahani ni kazi ninayoipenda kuliko zote, kwa hiyo mniruhusu niielekeze mbele yenu kwa maneno. Uko juu ya mnara, mkanda umefungwa mahali pawili, spana mkononi, kipimo cha volti kinachoonyesha nguvu ya wimbi kinaning’inia kifuani. Unalegeza bolti ya upande, unageuza sahani kidogo sana, na namba inapanda, inapanda, kisha inaanza kushuka. Kijana mgeni hurudi pale ilipokuwa juu, akakaza bolti na kuteremka akifurahi. Lakini sahani haitoi mwonzi mmoja tu. Pembeni ya mwonzi mkubwa kuna midogo, na huenda umeshika mmoja wa ile midogo. Laini itafanya kazi siku ya jua, ukungu na mvua vikija itakatika, nanyi mtabadilisha vyombo vya gharama bure. Kwa hiyo endelea kugeuza mpaka namba ishuke kabisa, uvuke bonde, utazame kama hakuna kilele kirefu zaidi upande wa pili, ufanye hivyo kulia na kushoto, kisha juu na chini, halafu linganisha ulichopata na hesabu uliyopiga ofisini. Isipolingana, usiteremke.

Sasa nifike kwenye radi, na hapa nitakaa. Mwaka 2016 wanasayansi waliotumia vipimo vya setilaiti vya miaka 16 walichapisha orodha ya mahali panapopigwa radi zaidi duniani. Wa kwanza ni ziwa Maracaibo la Venezuela, radi 233 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Wa pili duniani, na wa kwanza Afrika, ni Kabare, radi 205. Kabare, wandugu, tuliyoivuka wengi wetu asubuhi ya leo tukija hapa! Vitabu mlivyosomea viliandikwa na watu wa nchi ambako radi ni habari ya msimu mmoja. Kwetu ni sehemu ya hesabu ya kila mnara.

Hebu tupige hesabu hiyo. Radi ya kawaida hubeba takriban ampea 30,000. Ukiwa na waya wa ardhi, ule unaopeleka umeme wa radi udongoni, wenye ukinzani, yaani kiasi cha kuzuia umeme, wa omu 10, kiwango ambacho wengi wanakiita kizuri, sheria ya Ohm inasema kwamba mnara wako, kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, unapanda mpaka volti 300,000 juu ya ardhi iliyo mbali. Hata ukifikia omu 5, ni volti 150,000. Basi vyombo vinaponaje? Vinapona kama vyote vinapanda pamoja. Mnara, kabati la redio, ganda la jenereta, reli ya betri, uzio, bomba la nyaya, vyote vifungwe kwenye pau moja ya shaba na kwenda ardhini kwa mfumo mmoja, ili kusiwe na tofauti ya volti kati ya kimoja na kingine. Nimeona kituo ambacho waliojenga mnara walichimba ardhi yao na waliofunga umeme wakachimba yao, kila kundi likapima na kuridhika na namba zake. Radi ilipopiga, tofauti kati ya ardhi hizo mbili ilipita katikati ya redio. Bodi zilikuwa nyeusi, na harufu yake ilikaa ndani ya kabati kwa muda mrefu.

Shaba hiyo huibwa pia. Kipande cha waya chini ya mnara kina bei sokoni, na anayekikata hajui kwamba anakata maisha ya kituo kizima. Kwa hiyo kila mnapofika kituoni, hata kama mmetumwa kwa jambo lingine, zungukeni kwanza mkikagua waya wa ardhi kwa macho na kwa mkono. Ukinzani mpimeni wakati wa kiangazi, Julai au Agosti, udongo ukiwa umekauka, kwa kuwa namba nzuri ya mwezi wa Aprili itawadanganya.

Umeme wa kituo cha simu ni volti 48, na upande unaounganishwa na ardhi ni chanya, mpango wa zamani wa mafundi wa simu waliogundua kwamba hivyo shaba iliyozikwa hailiki upesi. Betri za risasi huchukia joto. Kanuni ya kazi ni kwamba kila nyuzi 10 za Selsiasi zinazoongezeka hupunguza maisha yake kwa nusu. Ubaridi wa Bukavu unatusaidia sana, na wenzetu wa Uvira, kwenye joto la Tanganyika, huzika betri ambazo kwetu zingekuwa bado zinafanya kazi. Mazutu ya jenereta hupanda milima kwenye migongo ya watu, na wabebaji hao ni sehemu ya mtandao sawa na ruta yoyote, chombo kinachoelekeza data.

Wengine mtakwenda kwenye kupanga uwezo wa mtandao, nanyi mtamhitaji Agner Krarup Erlang, Mdenmark aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen na kuchapisha hesabu zake mwaka 1909 na 1917. Erlangi moja ni njia moja inayozungumzwa saa nzima bila kupumzika. Ukiwa na njia 7, na ukikubali kwamba simu 2 katika kila 100 zikose nafasi, unabeba erlangi 2.94 tu. Ongeza njia ziwe 14, nawe unabeba 8.20, karibu mara tatu. Maana yake ni kwamba kundi kubwa la njia hutumika vizuri kuliko makundi madogo yenye jumla ileile, na anayejua hili anaweza kutuliza msongamano wa soko la Kadutu siku za mwisho wa Desemba bila kununua mnara mpya. Hesabu hii ina zaidi ya miaka mia moja, na bado naona watu wanaonunua vyombo kwa kukisia.

Katikati ya maisha yangu ya kazi ardhi ilihama chini ya miguu yetu. Sauti ikawa pakiti za data kama barua pepe, swichi kubwa zilizojaza vyumba zikawa programu ndani ya seva, na katika mitandao ya kizazi cha nne hata simu ya kawaida inasafiri kwa itifaki za intaneti. Mafundi wengi wazuri wa redio walikataa kujifunza Linux, anwani za IP na amri za ruta, wakisema hizo ni kazi za watoto wa informatiki; kampuni ziliwaacha, na ilikuwa hasara kwa pande zote mbili. Mimi nilikaa darasani na vijana wa umri wa wanangu. Ninyi mna hatari ya kinyume. Mnaijua ruta kuliko sisi tulivyowahi kuijua, lakini nimewaona wahitimu wanaotafuta kosa kwenye skrini kutwa nzima, ilhali maji yameingia kwenye kiungo cha kebo juu ya mnara. Anzeni na umeme, kisha ardhi, kisha viungo, kisha redio, na mwisho programu.

Msidhani pia kwamba kebo za nyuzi za kioo zimemaliza habari ya utunzaji. Kebo ya WACS, inayopita chini ya bahari, ilifika Muanda, kwenye pwani yetu ya Atlantiki, mwaka 2013, na nchi ikapumua. Mwezi Agosti 2023 maporomoko ya chini ya bahari kwenye korongo la mto Kongo yaliikata pamoja na kebo ya SAT-3, na nchi kadhaa zikapungukiwa na intaneti mpaka meli ya matengenezo, Léon Thévenin, ilipofika na kuunganisha. Kwenye meli ile pia kulikuwa na mtu aliyeshika nyuzi nyembamba kama unywele na kuziunganisha moja moja.

Zamani laini ilipokatika, watu walikosa salamu. Tangu M-Pesa ianze nchini mwaka 2012, na huduma nyingine za namna hiyo kuingia, laini ikikatika mama anakosa fedha za dawa zilizotumwa na mwanawe, na mwalimu wa kijijini anakaa bila mshahara wake akiwa ameushika mkononi. Ndiyo maana linanichoma jambo moja, nami nalisema mbele ya wenye makampuni waliomo humu. Utunzaji wa minara umegawiwa wakandarasi, wakandarasi wamewagawia wengine, na mwisho wa mnyororo kuna kijana analipwa kwa siku, bila bima, akipanda mita 50 na mkanda uliochakaa. Namjua mmoja aliyeanguka, na familia yake ilizungushwa kutoka ofisi hadi ofisi, kila moja ikisema si mfanyakazi wake. Mkanda mzima, kofia, mtu wa pili chini ya mnara na bima ya afya ni vitu vidogo katika bajeti ya mtandao. Vijana, msipande bila hivyo, hata mkitishwa kufukuzwa.

Na kwa papa na mama wenye mabinti humu: waacheni wapande. Katika timu yangu ya mwisho fundi aliyeelekeza sahani kwa usahihi kuliko wote alikuwa msichana wa Bagira, na mteja mmoja alipouliza kama hakuna mwanamume wa kutuma, nilimjibu kwamba wapo, ila yeye ndiye anayeijua kazi.

Nimekubaliana na Bwana Mkurugenzi kwamba, kabla ya mvua za Septemba, nitakuja na kipimo cha ukinzani kwa siku moja. Tutaanza na mlingoti wa intaneti ulio juu ya paa la ukumbi huu, tutafuata waya wake wa ardhi mpaka unapoingia udongoni, tutapima, na mtaandika ripoti kama mnavyoandikia kampuni. Wanaotaka kuja waache majina kwa katibu wa idara, na waje na viatu vya kazi. Sasa niko tayari kwa maswali yenu.